Chupa ya Kupimia Dawa ya Kahawa

Moshi mjini, Jumanne, Julai 2006. Baridi na manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana siku ya nne leo.

Nimekaa kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, kompyuta ya pembeni kabisa. Mikono inatetemeka, nimekosea neno la siri mara tatu. Dada wa hapa ameniuliza kama nina malaria. Nimemjibu ndiyo, kwa sababu malaria haina maswali mengi.

Naogopa. Niliseme hilo kwanza, maana mchana kutwa nimejifanya sina neno. Wewe unayesoma hunijui, na majina yote nimeyabadilisha.

Wiki tatu zilizopita baba yangu mdogo, nimwite Elia, alifariki kwake Machame. Tangu baba yangu atangulie, yeye na mama hawakupikika chungu kimoja. Ugomvi ulikuwa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Mama alisema Elia amesogeza mstari wa masale, mimea ya mpaka, usiku, akameza migomba miwili yake. Elia alisema masale hayatembei. Mwisho wazee wa ukoo wakachoka, wakaweka siku ya suluhu, na mama akapika mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kwetu aliyepika mbege huonja yeye kwanza mbele ya wageni, ndipo kata izunguke. Mama ameokoka, huu mwaka wa pili hagusi pombe. Alipika kwa kuwa suluhu bila mbege wazee hawaitambui, lakini kuonja alikataa, akasema Mungu ndiye shahidi wake. Watu wakacheka, wakanywa. Elia, kwa heshima yake, alijaziwa kibuyu chake peke yake. Mama alikijaza jikoni kutoka pipa lile lile la wote, akampa mkononi pamoja na jani la isale, ishara yetu ya msamaha. Wakashikana mikono. Mimi nililia kwa furaha, nikijua yameisha.

Jioni Elia akaanza kushika tumbo na kutapika. Hawakuwahi kumfikisha hospitali. Waliokunywa kwenye pipa hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Unaweza kukisia maneno yaliyopita migombani kesho yake. Hakuonja. Kibuyu alijaza peke yake. Walikuwa na kesi ya mpaka. Daktari alifanya uchunguzi wa maiti, akachukua kipande cha ini na vilivyokuwa tumboni. Polisi walimhoji mama siku mbili wakamwachia, kwa sharti asitoke Machame mpaka majibu ya maabara yarudi kutoka Dar es Salaam.

Sasa nifike kwangu.

Mpelelezi alipofika kwa Elia, kibuyu alichorudi nacho kilikuwa bado na mbege kidogo chini. Alisema kibuyu hakitavumilia safari hadi Dar, kitavuja, akaomba chupa ya kioo iliyo safi. Yeye hakuja nayo. Wanawake wote, mama akiwemo, walikuwa ndani kwa Elia wanaomba, kwa hiyo nikakimbia mwenyewe nyumbani, ni kuvuka masale tu. Stoo, kwenye shubaka la juu, nilikuta chupa ya juisi ya zamani imeoshwa inang'aa. Niliinusa, haikunuka kitu. Nikaisuuza mara mbili bombani, nikampelekea mbio.

Nilijiona nimefanya la maana. Mimi ni karani wa shule ya sekondari, kila mwaka nafunga bahasha za mitihani kwa lakiri, najua ushahidi hauchezewi. Mpelelezi akaona mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, akaniambia niandike karatasi ya kubandika: jina la marehemu, mahali, tarehe. Tukatia sahihi. Mwandiko wangu ndio uliosafiri hadi Dar ukiwa umegandishwa kwenye chupa ile.

Jumapili hii, juzi, nilipanda Machame kumjulia hali mama. Tuliporudi kutoka kanisani, akabadili nguo, akasema ameazima bomba la kupulizia kwa jirani, kahawa imeshikwa na wadudu. Akaingia stoo. Nikasikia anasogeza vitu, kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Ile chupa ya marehemu baba yako ya kupimia dawa ya kahawa umeiona? Niliiosha nikaiweka hapa juu."

Nilisema sijaiona.

Nilimdanganya mama yangu mzazi, muda mfupi tu baada ya kutoka ibadani. Neno lilitoka lenyewe. Nikakaa juu ya gunia la ulezi, yeye akadhani njaa, akaniletea kitawa cha ndizi. Nikakila chote na sikumbuki ladha yake.

Baba alipimia dawa kwenye chupa ile miaka yote niliyokuwa nasoma. Kwa nini sikukumbuka? Nadhani kwa sababu ilikuwa inang'aa.

Jana niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Aikande, tuliyesoma naye, sasa yuko maabara ya hospitali moja hapa mjini. Si kazi yake hasa, yeye ni wa damu na choo, lakini alisomea Dar na aliwahi kuona wakemia wanavyofanya. Nilimwambia kwamba nauliza kwa ajili ya mtu. Alinitazama, akaacha ipite.

Alinieleza kwamba kielelezo kikifika kwanza wanatazama kama kifungio hakijaguswa, wanakipa namba, wanachukua sehemu ndogo ya kupima na nyingine wanaiweka, ili mtu akibisha kipimwe tena. Kila kimoja kinapimwa peke yake: ini peke yake, tumbo peke yake, chupa peke yake. Sumu wanaitoa kwa vimiminika maalumu, halafu mashine inalinganisha na sumu wanazozijua. Nikamuuliza kama chupa ikisuuzwa mara mbili dawa ya wadudu inaweza kubaki. Alicheka kidogo. Alisema pua ya mtu na mashine ile ni mbingu na ardhi, na dawa nyingine zina mafuta, maji matupu haziyajali, hujificha hata kwenye mfuniko.

"Mkemia hajui nani alishika chupa," aliniambia. "Anaandika alichokikuta, basi."

Nikauliza, na kama chupa ina sumu lakini ini halina? Akasema hapo mtu mwenye akili atajiuliza sumu iliingia lini. Ila ni lazima awepo mtu wa kumwambia ile chupa ilitoka wapi.

Mtu huyo ni mimi. Hakuna mwingine.

Jana sikulala vizuri. Nilikuwa nikipima: nikinyamaza, chupa itasema mama ni muuaji. Nikisema, watoto wa Elia watasema binti katunga kumwokoa mama yake, na polisi wanaweza kuniuliza kwa nini nimekumbuka leo. Nimeona watu wakiingia polisi kama mashahidi na kubaki kama watuhumiwa.

Na kuna jambo jingine, ambalo sijamwambia Aikande wala mtu mwingine. Nikiwa nimelala nilijiuliza: je, kama na ini lina sumu?

Nimeliandika. Nilifikiri kulifuta lakini nimeliacha. Mama alijaza kibuyu kile jikoni peke yake, mimi nilikuwa nje na wageni. Wiki moja kabla ya suluhu nilimsikia akisema Elia atamwona Mungu mapema. Ni maneno tu, kila mtu kwetu husema hivyo akikasirika. Lakini usiku maneno yalirudi, nikayageuza na kuyageuza, na sikuweza kuapa. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe nikasoma.

Leo asubuhi nimekwenda kituoni.

Mpelelezi alikuwepo. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema yote bila kupumua: stoo, shubaka, chupa, dawa ya kahawa, na jinsi nilivyogundua. Hakunikatisha. Nilipomaliza alifungua saraka ya meza akatoa bahasha ya kaki, imefungwa kwa lakiri nyekundu, mhuri haujaguswa. Majibu yalifika jana na basi la Dar. Mkuu wake hayupo, itafunguliwa kesho saa tatu mbele yake.

Niliiangalia ile lakiri. Ningechelewa siku moja tu, ningeikuta imefunguliwa.

Alinipa karatasi niandike maelezo yangu, akatazama saa ya ukutani, akaandika muda juu yake kwa mkono wake, akatia sahihi. Akasema, "Mwalimu, umesema kabla haijafunguliwa. Shika hilo." Huniita mwalimu kwa sababu nafanya kazi shuleni, nami sijawahi kumsahihisha. Halafu akasema kwa upole ule ule kwamba kuanzia sasa hata mimi sitakiwi kutoka nje ya mkoa. Kesho niende na mama, na nibebe kopo la dawa ya kahawa lilivyo, walilinganishe na chupa, nisilioshe.

Nisilioshe. Nilitamani kucheka, nikajizuia.

Nikatoka nje kwenye manyunyu, nikampigia mama. Ilibidi ajue, na ilibidi ajue kutoka kwangu. Nilimweleza habari ya chupa, na kwamba Jumapili nilimdanganya, na bahasha ya kesho, na kopo la kubeba. Nilimweleza alivyosema Aikande, kwamba chupa hata ikiwa na sumu, ini likiwa safi kila kitu kitaeleweka. Nikasema, ni ini tu, mama, tuombe ini liwe safi.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mvua ikipiga majani ya migomba.

Hakuniuliza habari ya polisi. Chupa hakuitaja wala hakunigombeza. Aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Mwanangu, kwani wewe unasubiri ini ndiyo ujue?"

Nilisema salio linakwisha, nikakata. Salio lilikuwepo, bado lipo.

Dada wa kafe ameanza kufunga madirisha. Kesho saa moja mama atashuka na basi la kwanza, akiwa na kopo la dawa kwenye kikapu, na mimi nitakuwa stendi namsubiri. Tutakuwa na saa mbili kabla ya lakiri kukatwa. Nataka nimjibu ndani ya saa hizo mbili, kwa sababu nikimjibu baada ya hapo jibu litakuwa la mkemia, si langu.

Je, nitaweza kumtazama usoni?