Maneno ya Baba

Jumanne, 15 Julai

Nimechunga hadi saa kumi. Mazoezi ya hotuba mbele ya ng'ombe thelathini: sauti itoke tumboni, macho kwa hadhira. Hadhira imeendelea kula majani. Mwaka wa pili huu nasomea mawasiliano chuoni, na Mama bado anawaambia wageni nasomea ualimu. "Kusomea kuongea?" aliniuliza siku ya kwanza. "Kwani ulikuwa bubu?"

Ijumaa, 18 Julai

Mwenyekiti wa kijiji amepita. Jumatatu anakuja afisa wa ardhi, kuhusu malisho yetu ya chini, njia ya kwenda Dirma. Kuna mtu anataka kulima alizeti pale. Ndipo walipozikwa babu na baba yake babu.

Kiswahili cha Baba kinaishia kwenye salamu. Amewaambia wazee wenzake nitamtafsiria mimi. Amelisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nimefurahi mno.

Jumatatu, 21 Julai

Baba alisimama na fimbo yake, akaongea kama dakika kumi. Alisema hapana. Alisema atakayepitisha jembe juu ya mifupa ya baba yake hatavuna, na watoto wake hawatavuna. Afisa muda wote alikuwa ananitazama mimi.

Chuoni tumefundishwa: mpatanishi hupoza, hachochei. Na mtu mkubwa haapizwi usoni. Nikasema, "Shikamoo mheshimiwa. Mzee anaomba makaburi yaheshimiwe."

"Yataheshimiwa. Mwambie mzee asante."

Nikamwambia Baba: amekusikia. Akaketi, ameridhika. Afisa akaomba namba yangu. Eti vijana kama mimi ndio wanaotafutwa. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Jumamosi, 26 Julai

Vigingi. Vyekundu, kwenye malisho ya chini, kuanzia korongoni mpaka kwenye migunga. Baba amevizunguka asubuhi nzima. "Niliwaambia hapana," amesema. "Si ulinisikia?"

Nimesema nilisikia. Sijala.

Jumatano, 30 Julai

Baba amepewa nakala ya muhtasari wa kikao cha Jumatatu ile. Ameniletea, imekunjwa mara nne. "Nisomee."

Maneno laini yalishajipanga mdomoni. Yalikuja yenyewe, hilo ndilo lililonitisha. Nimesoma kama ilivyo: wazee wameridhia, kwa sharti kwamba makaburi yaheshimiwe.

Akauliza nani alisema hivyo. Mimi. Akauliza maneno yake mengine yako wapi. Nikasema niliyapunguza.

"Nilikutuma na maneno yangu. Umeyafikisha wapi?"

Akachukua karatasi yake, akatoka. Bora angenipiga.

Jumatatu, 4 Agosti

Afisa amepiga simu. Mwenye shamba la alizeti anatafuta mtu wa kuzunguka vijijini kuwaelimisha wafugaji kwa lugha yao. "Fani yako kabisa, kijana." Nimesema nitafikiria. Neno "hapana" nalijua kwa lugha tatu, na hata kwa moja halikutoka. Najidharau.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda ofisini kwa afisa kupinga. Baba amemchukua shangazi, dada yake, aliyejifunza Kiswahili akiuza maziwa mnadani. Hakunikataza kufuata. Nilikaa benchi la nyuma.

Baba alirudia maneno yake, shangazi akatafsiri. Kiswahili chake ni kibovu. "Huyu mzee yangu nasema hapana," alianza, na karani akacheka. Akaendelea. Hatavuna. Watoto wake hawatavuna. Alitua pale Baba alipotua, akapaza sauti pale Baba alipopaza. Hakuacha neno.

Afisa akageuka kunitafuta. "Kijana, hebu tufupishie. Huyu mama anasema nini hasa?"

Nikasimama. Nikasema, "Amesema alichosema Baba. Hakifupishiki." Afisa hakuandika kitu. Akasema muhtasari wa kwanza umeshasainiwa, trekta linaingia Jumatatu.

Tumerudi kwa miguu, wao mbele, mimi nyuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Upepo mwingi leo, vumbi mpaka ndani. Asubuhi tumekunywa maziwa, watatu. Baba amemaliza ya kwake, akamgeukia Mama. "Mwambie ng'ombe wapelekwe juu leo."

Nilikuwa nimeketi mbele yake. Mama akaniambia, neno kwa neno.