Kaka Mugisha, Ulinituma Nikawashe Gari

Kaka Mugisha,

Jana nimerudi hapa Linden, Columbus, kutoka kule kaskazini, kwenye mashindano yenu ya kusukuma mawe kwenye barafu. Nilikwenda ili nikulilie. Nimerudi nina hasira na wewe, tena hasira ya kweli, na kwa kuwa huwezi kunikatia simu, leo utanisikia mpaka mwisho.

Unaukumbuka mwaka ule wa kwanza? Mzungu mliyefanya naye kazi ghalani ndiye aliyekuingiza kwenye hiyo curling, mmoja anasukuma jiwe liteleze, wenzake wanafagia barafu mbele yake, ukaja kutuchokoza sote: mkeo Solange, binamu yetu Elie kule Louisville, na mimi. "Wanne tu wanatosha, Furaha. Wewe kazi yako kufagia." Mama, kule Bujumbura, alicheka hadi akashindwa kushika simu. Watoto wake wamekimbia vita, wamefika Amerika, wanafagia barafu! Lakini tulikwenda. Kila mwaka Elie anatoka kiwandani kwake Jeffersontown, kando ya Louisville, ananipitia Columbus, tunawachukua wewe na Solange Buffalo, pale karibu na barabara ya Bailey, halafu tunapanda juu, juu, mpaka redio inakata na simu haishiki.

Wazee wa kule walitupenda. Tulikuwa tunafungwa, bon, tunafungwa vibaya, lakini wewe ulisimama mwisho wa barafu ukipiga kelele, "Fagia! Fagia, Furaha, unabembeleza nini?" na ukumbi wote unacheka.

Desturi yao unaijua. Mechi ikiisha, walioshinda na walioshindwa wanakaa meza moja, wananunuliana kinywaji. Sisi walokole tulikuwa na chupa yetu ya chai. Mwaka jana, siku ya mwisho, mimi sikukaa. Ulinipa funguo. "Mdogo wangu, nenda ukawashe gari lipate moto, Solange anasikia baridi." Nikaenda. Nilikaa mle ndani naimba peke yangu, sababu tulikuwa tumeshinda mechi, ya kwanza tangu tuanze! Niliporudi kuwaita, watu wote wamesimama wanakupigia makofi. Na mimi nikapiga vigelegele. Nilidhani ni kwa ajili ya ushindi.

Mwaka huu nilikaa pale mezani. Yule bibi kapteni wa wenyeji akanishika mkono, akaniambia jinsi ulivyokuwa jasiri siku ile ulipowaambia una kansa na hutarudi tena. Nikamwangalia Solange. Solange akaangalia chai yake. Elie akainuka, eti anatafuta sukari.

Kaka. Tulikuwa wanne kwenye barafu, na watatu mlijua. Watu tunaoonana nao mara moja kwa mwaka walijua. Wakakuaga. Mimi niliyelala na wewe mkeka mmoja kambini, mimi niliambiwa "ghafla". Nilipofika Buffalo ulikuwa umeshafunikwa. Na pale msibani nikawa namwambia kila anayeingia, kaka yangu amekwenda ghafla, ghafla tu, nalia kama mjinga mbele ya watu wanaojua.

Na kazi yangu unaijua! Ninaosha wazee wa watu. Ninawageuza, ninawapaka mafuta, ninawashika mkono wanapoondoka, wengine watoto wao hata hawaji. Wageni wamekufa mikononi mwangu, na ndugu yangu wa tumbo moja akaninyima hata kumkanda miguu. Solange anasema ulitaka nicheke na wewe kama kawaida, nisianze kukuangalia kama mgonjwa. Donc mimi nilikuwa wa kukuchekesha tu? Na haki yangu mimi, nani aliiuliza? Ningelia, ndiyo. Halafu ningenyamaza, ningekupikia uji, ningekuja kila wikendi hata kama barabara imejaa theluji. Wewe ukaamua peke yako kwamba siwezi. Weee, Mugisha, umeniumiza.

Mama bado hajui kama umekufa. Nilikubali tumfiche, sababu kwetu habari ya kifo haimwendei mama kwenye simu akiwa peke yake, inasubiri watu. Lakini tunasubiri watu gani? Umezikwa tangu kiangazi. Kila Jumapili anauliza mbona hupigi, namjibu uko kazini. Jumapili iliyopita akaniambia, "Mwambie apunguze kazi, atakonda." Nikasema, ndiyo Mama, nitamwambia. Nilipokata simu nililia chooni ili watoto wasinisikie.

Siwezi tena. Sasa naijua ile meza, naujua ule mkono wa mgeni anayekupa pole ya jambo ambalo wenzako walishalizoea. Nimeongea na mchungaji wa Mama. Kesho kina mama wa kwaya watamwendea nyumbani, watakaa naye, watamshika, ndipo nitapiga. Solange amesema nitaharibu ulichotaka. Nikamwambia ndiyo, nitakiharibu.

Basi nenda, kaka. Ninakupenda na sijakusamehe, na vyote viwili vinagombana humu ndani, sijui kipi kitashinda. Ninakuahidi hili tu: Mama hatasikia habari zako kutoka kwa mgeni. Atazisikia kwangu, zote, hata zile ulizonificha. Atamlilia mwanawe kama ilivyo haki yake kumlilia, na mimi nitabaki kwenye simu mpaka atakaponyamaza mwenyewe.

Mdogo wako,
Furaha