Wanane Walimwacha Tajiri Wao

Mjini Ibra, Alkhamisi

…na bado nasema Said wangu hakukosea kuacha duka la redio la ami yake!

"Ndoa ya mwezi mmoja imeshakutia kiburi?" ami alimuuliza.

"Ami, huko Amerika mafundi wanane wa transista walimwacha tajiri wao wakafungua kampuni yao."

"Nyinyi wawili tu!"

"Tunatosha," nikadakia mimi. Said akanitazama, moyo ukayeyuka.

Naogopa wateja hawatakuja kwenye duka letu jipya. Lakini leo nimelehemu transista kwa mkono wangu, hina ya harusi haijaisha kuchani. Mama mkwe alikataza, eti bibi harusi hashiki moto. Nimeshika! Redio ya ami, aliyoitupa akisema haiponi, inaimba.

Mwezi hautaisha kabla hatujakwenda kumwamkia ami, redio nimeipakata mimi.