Nimepatana na mtani wangu, sasa ananisalimia kwa adabu

Jumamosi, saa kumi jioni, Boko. Mawingu tangu asubuhi. Mvua haishuki, jua halitoki, na mimi ni hivyo hivyo.

Mezani kwangu kuna sufuria ya Mama Tumaini. Nimeiiba. Nitaeleza.

Mama Tumaini ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Yeye Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani, na kwa miaka tisa hajawahi kuniita jina langu. "Mtumwa wangu, umeamka au bado unamkimbia babu yangu?" Namjibu kwamba mbwa wa mtaa huu wakimwona wanaaga familia zao. Asubuhi yetu inaanza vizuri.

Miezi mitatu iliyopita mama yangu, niliyekuwa naishi naye hapa, alifariki. Msibani Mama Tumaini alifanya kazi ya mtani. Alijifunga kanga ya marehemu, akashika fimbo yake, akaingia katikati ya waombolezaji akiburuta mguu, akafoka kwa sauti ya mama kabisa: "Anjela! Hii chai au maji ya kunawa?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Halafu nikaenda chooni nikalia, na sikumwambia mtu.

Ndipo ikaja semina ya usuluhishi wa migogoro, kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa. Walinichagua kwa sababu ni mwalimu, eti tunasikilizwa. Mwezeshaji, mpole, mwenye kalamu za rangi nne, alitufundisha kusema maumivu bila kulaumu: nilijisikia hivi, ulipofanya hivi, naomba hivi. Akatupa kazi ya nyumbani. Kila mtu amwendee aliyemuumiza.

Nikaenda. Nilikaa wima kwenye kochi la Mama Tumaini nikasema yote kwa mpangilio. Nilijisikia vibaya ulipomwigiza mama yangu. Naomba usirudie.

Alijifunga kanga yake vizuri. Kisha akasema, "Nisamehe sana, jirani. Sikujua."

Jirani.

Kesho yake semina nzima ilinipigia makofi, na mwezeshaji akaniandika ubaoni kama mfano. Dereva bodaboda mmoja tu ndiye aliyeshika kichwa. "Dada, umemshtaki mtani? Sasa huyo msibani kwenu atakujaga kufanya nini?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka shingo upande.

Hii ni wiki ya pili. "Habari za asubuhi, jirani?" "Nzuri, za kwako?" Basi. Juzi aliniletea mboga kwenye bakuli lenye kifuniko, akabisha hodi, akasubiri nje. Mtu aliyekuwa akiingia jikoni kwangu na kujipakulia!

Sielewi kabisa. Niliumia kweli, sikudanganya. Kosa langu ni lipi? Lakini mtani hashtakiwi, na mtani hanuniwi. Hilo nalijua tangu utoto. Babu zao na babu zetu walipigana vita, wakaja kumalizana kwa matusi haya haya. Mimi nimepeleka usuluhishi mahali palipokwisha kusuluhishwa.

Na kuna jambo lingine, hili naona aibu kuliandika. Sauti ya mama sikuwahi kuirekodi. Ile ya Mama Tumaini ndiyo pekee iliyobaki, na mimi mwenyewe nimemwomba asiitoe tena.

Ndiyo maana leo, yeye akiwa uani anaanika nguo, nimeingia jikoni kwake bila hodi, nikabeba sufuria yake kubwa, nikapita nayo mbele yake. Mtani anaruhusiwa. Aliniangalia tu. Akaendelea kuanika.

Saa nzima imepita. Naandika ili mikono isiirudishe. Akija akabisha hodi na kuiomba kistaarabu, nitakuwa nimempoteza na yeye.

Ngoja.

Kuna mtu anaburuta mguu nje. Fimbo inagonga mlango wangu.

"Anjela! Sufuria ya watu ndiyo unachemshia maji ya kunawa?"

Imeuma vilevile. Sijafungua mlango. Nataka aite tena.