Sisimizi wa Mama Mkubwa

Mama,

Pokea salamu za dada yako. Anasema nyumba yako ina utando wa buibui kila pembe na mimi nimekonda. Ndiyo, Mama. Mama Mkubwa Mwanamisi anaona! Nimekaa barazani kwako nacheka na kulia kwa pamoja, wapita njia wananitazama.

Alikuja kutoka Kinango na kanga mbili na jogoo, macho yote yamefungwa na mtoto wa jicho. Nilimpeleka hospitali nikidhani mambo yangeisha siku ile ile. Wakampima presha, wakamtoboa kidole kupima sukari. Vyote viko juu! Mwenyewe hakuwa na habari, miaka yote alidhani kizunguzungu ni cha jua la shambani. Wakampa dawa, wakasema hapasuliwi mpaka vishuke, arudi baada ya wiki tatu. Alinuna mpaka tukafika nyumbani Ndia Kuu. "Mie naleta jicho, wao wataka kidole!"

Mimi niliogopa. Wewe ulipokuwa ukinywa maji mchana na usiku, tulisema ni joto la Mombasa. Tulipojua ni sukari, hukukaa, tukakuzika.

Basi nikaazima kimashine cha kupimia sukari kwa jirani yetu Bi Zuhra. Nikampikia dada yako mchicha na samaki wa kuchoma, chai ya tangawizi tupu, na dawa akimeza mbele yangu. Presha ikateremka. Sukari, wapi! Kila asubuhi namba ni zile zile, na siku zinakwisha.

Siku ya kumi na moja nikaenda kutandika kitanda chake. Sisimizi, Mama, mstari mzima, kutoka dirishani hadi chini ya mto. Nikauinua. Halwa imefungwa kwenye gazeti, na kaimati nne, moja imeumwa. Kumbe nikienda kazini, sahani za mtaa mzima zilikuwa zikipanda ngazi kumkaribisha mgeni wako, naye hakurudisha hata moja. Ningemlaumu vipi? "Sahani ya jirani haikataliwi," wewe ndiye uliyekuwa ukituambia, huku ukilamba vidole.

"Wallahi sina kitu chini ya mto," akaapa, na sisimizi watatu wanampanda begani. Hakuwa akiwaona, maskini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwekea mmoja kiganjani, akatulia akimsikiliza anavyotembea, kisha naye akaangua kicheko.

Nikaenda kwa Bi Zuhra, mwenye zile kaimati, kwa haya nyingi. Akashika kifua. "Yaa Rabbi! Kimashine nimekupa mimi, na sukari nimemtilia mimi!" Toka siku hiyo sahani zilikuja na kachumbari na samaki, na namba zikaanza kushuka. Wiki ya tatu ilipotimia, wakampasua jicho la kulia.

Walipomtoa bandeji alitazama huku na huku njia nzima. Alipofika nyumbani ndipo alipoanza na buibui. Akamaliza buibui, akanyoosha mkono mezani akachukua kimashine. "Haya, lete kidole chako."

Mama, nilijificha. Toka uondoke sijawahi kujipima; kila asubuhi nilikuwa nikimpima yeye tu. Nilimwambia nina vitunguu jikoni. Akanifuata huko huko jikoni. "Wewe ulinionea sisimizi, sasa ni zamu yangu." Akanitoboa, akakisogeza kimashine karibu na jicho lake jipya, akasoma mwenyewe, taratibu, "Tano... nukta... mbili." Hakujua ni nzuri au mbaya. Akanitazama usoni apate jibu, akakuta nalia, akashtuka.

"Ni mbaya, mwanangu?"

Ni nzuri, Mama Mkubwa. Nzuri sana.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Nakuahidi sitasubiri kiu iniambie, na mtu wa nyumba hii hatasubiri tena. Kwa heri, Mama yangu. Ninakupenda, na sahani zako bado zinakuja.

Dada yako ananiita ndani, kimashine kiko mkononi. Naenda. Leo sijifichi.

Mwanao,
Saumu