Matoazi ya Tetemeko

8 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ukiuliza habari zangu, nadunda. Watoto hawajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua au mmeshazoeana? Samahani kwa kukurudisha enzi za bahasha na stempu, lakini simu yangu ni mbovu, sauti inakuja vipande vipande.

Kwenye hiyo flashi kuna wimbo mpya. Miaka ishirini na mbili natengeneza na kupiga muziki wa dramu na besi, DJ Tetemeko kwenye mabango, na bado simwamini mtu kama ninavyokuamini wewe. Unakumbuka? Mimi chumbani na santuri zangu, wewe upande wa pili wa ukuta na cherehani. Mguu wako ukifuata mdundo kwenye kanyagio, najua wimbo umekaa. Mguu ukisimama, nafuta naanza upya. Marehemu mama anagonga mlango kwamba vyombo vinacheza kabatini, nasi tunacheka mpaka machozi. Nilikuwa na spika moja nzima na nyingine inayokoroma, na sijawahi tena kuwa na raha kama ile.

Wimbo huu ndio utakaofunga tamasha la alasiri mwezi Juni. Studio kila mtu anasema ni moto. Wewe sikiliza, uniambie ukweli.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo umehamia kwangu na mizigo yake yote, hauna dalili ya kuondoka.

Nimeusikiliza wimbo mara nne huku nikipinda sare za shule. Besi ni ile ile yako, ikanipanda mguuni, nikamwona mama kabisa amesimama mlangoni na mwiko. Nililia kidogo, usiniulize zaidi. Lakini matoazi, mdogo wangu! Yanakwaruza kama kisu kwenye sahani. Kitinda mimba wangu aliziba masikio. Nikadhani ni redio yangu, nikaupeleka kwa fundi redio, kwake ni vile vile. Akasema, "Aliyetengeneza hii hayasikii hayo matoazi, ndiyo maana kayapandisha."

Nilirudi nyumbani nikafikiri. Ulibadilisha simu mwezi wa nane, ukabadilisha tena Desemba. Simu tatu, zote mbovu? Na kwenye harusi ya binti yangu, bibi harusi mwenyewe alikuita mara tatu akiwa nyuma yako, ukaendelea kula. Akaja kuniambia mjomba siku hizi anaringa. Nenda kapimwe masikio. Tafadhali.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Kumbe siku hizi fundi redio ndiye anayenifundisha kazi. Ahsante kwa maoni. Nisalimie watoto.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki tano kimya. Kununa kwako nakujua tangu siku ile nilipokalia santuri yako ukajifungia siku mbili. Sifuti nilichosema.

Nimefungua sanduku la kanda zako, zile ulizoandika USIGUSE kwa wino wa kijani. Nimegusa. Wakati ule matoazi yako yalikuwa laini, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Nimemkumbuka sana yule kijana. Kama hayupo tena, basi nakutaka wewe uliyebaki, hata ukiwa kiziwi kabisa. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

29 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe sana. Barua yako ilipofika, kesho yake nilikwenda kupimwa. Nilishindwa kukuandikia kabla sijajua nitafanya nini.

Daktari aliniweka kwenye kijumba kidogo, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa kungoja mlio wa kwanza, kumbe kumi imeshapita. Akanionyesha mchoro: besi ipo, halafu kwenye sauti nyembamba mstari unaporomoka. Ni spika na hedifoni za miaka yote hii. Pale studio vijana walisikia matoazi yanavyokwaruza, wakaogopa kumkosoa mkubwa.

Niliyashusha kama ulivyosema, bila kuyasikia. Jumamosi nikapanda jukwaani jua bado kali. Sehemu ya matoazi ilipofika nilisikia besi peke yake. Lakini niliona watu wa mbele wameinua vichwa kwa pamoja, wanatabasamu, nikajua yameingia vizuri. Nililia mbele za watu, Tetemeko mzima.

Nimeacha, dada. Nikiendelea, daktari anasema kinachofuata kuondoka ni sauti za watu, za wanawake na watoto kwanza. Nikiacha, huenda nikabaki na hiki nilicho nacho. Inauma, siwezi kukudanganya. Asubuhi naamka mikono inatafuta kazi.

Nafika tarehe kumi na mbili. Usipike, usialike mtu, na redio uizime. Nataka ukae upande wangu wa kulia, huko bado kuna afadhali, uongee mpaka uchoke.

Mdogo wako