Neno Moja la Kibudha Darasani Bujumbura

Dada Zuhura, shikamoo.

Joto la huku ni lile lile la Kigoma, na samaki wetu mgebuka wanamwita mukeke. Nimeitwa kuwafundisha walimu wa dini maneno ya Kibudha yaliyomo kwenye kitabu kipya cha shule. Jana nilifika kwenye neno dukkha, nikaandika ubaoni: mateso. Mwalimu mmoja wa makamo, Deo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama kuko mateso, kuko mutu mwenye anatesa. Ni nani?"

Watu wa pande zote mbili za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya huku walikuwa wamekaa mle, na hakuna aliyemtazama jirani yake. Nikaeleza kwamba dukkha ya Wabudha haihitaji mtesaji. Hata mwenye raha anayo, kwa kuwa raha yake haidumu.

"Basi andika kutotulia," akasema Bi Zaina, mwalimu wa mtaa wa Buyenzi.

Nikafuta, nikaandika hivyo, na wote wakanakili.

Wenzake walipotoka, Deo alibaki.

"Watoto nitawafundisha kutotulia," aliniambia. "Lakini nyumba yangu ya Kinama haikujichoma yenyewe. Mi kwangu itabaki mateso."

Akanionyesha njia ya kwenda kula, tukakaa meza moja.

Mwambie mama nalala salama na nakula vizuri. Nimewakumbuka sana, wewe hasa.

Mdogo wako,
Rehema